Swichi ya Mguuni

Jioni hii nakusudia kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa ndimu, ambacho mtu hukikanyaga miaka nenda miaka rudi bila ya kukikumbuka, hata siku kinapomkana usiku mlimani ndipo anapotambua kwamba maisha yake na ya abiria wake yalikuwa yametundikwa juu ya vipande viwili vya shaba na springi moja. Nasema juu ya swichi za magari ya zamani, na hasa ile ya kushushia taa, ambayo waundaji wa zama zile waliiweka sakafuni, mahali penye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, kisha wakatumaini kwamba itadumu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1969, ile ndefu yenye inchi 109 baina ya ekseli na ekseli, nililolirithi kwa marehemu shemeji yangu, na watu wa kwetu Manyovu wamekwisha kulizoea hata watoto hulitambua kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona. Usiku ule tulikuwa tukitoka Kasulu, tumekwisha kuipita Buhigwe, mwezi wa Machi, mvua imenyesha tangu alasiri na ukungu umeshuka hata mikahawa ya kando ya njia ikawa inaonekana vivuli tu. Mbele yetu likatokea lori likipanda. Adabu ya njia ni kushusha taa usimpofushe mwenzako. Basi nikanyanyua mguu wa kushoto, nikakanyaga kitufe kilichoko kando ya pedali ya klachi, kama nilivyokwisha kukikanyaga mara elfu, na badala ya nuru kuinama, nuru ikatoweka kabisa. Sikuona njia, sikuona mtaro, sikuona hata boneti ya gari langu mwenyewe. Niliona taa za lori tu, zikinijia machoni. Nikakanyaga tena: giza. Nikakanyaga mara ya tatu, kwa kisigino sasa, kama mtu auaye nge, na taa zikarudi, nyekundunyekundu mfano wa makaa ya jana. Lori likapita. Mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na magunia yake ya maharage, akaniuliza kwa upole mwingi: “Mwalimu, ulikuwa unasoma dua?”

Nilikuwa nikiisoma, wallahi.

Asubuhi yake nikampelekea fundi. Huyu alikuwa kijana hodari, na sina ugomvi naye; lakini neno lake la kwanza, kabla hata hajainama kutazama, lilikuwa lile ambalo kila mwenye gari la kale katika nchi yetu amekwisha kulisikia: “Mzee, hii tuunge dairekti tu.” Kuunga dairekti, kwa msiofahamu lugha ya gereji, ni kukata waya unaoingia katika swichi na waya unaotoka, ukazisokota pamoja kwa koleo, ukazifunga tepu nyeusi, swichi ikabaki pale pale kama mlango uliopigwa misumari hali ukuta wa nyuma umebomolewa. Taa zitawaka. Hilo halina shaka. Zitawaka kwa namna moja tu, juu au chini, upendavyo fundi, na hazitabadilika tena mpaka siku mtu mwingine aje afumue.

Nami nilikuwa na sababu ya kuliogopa neno hilo, kwani miaka kadhaa nyuma, katika mji ambao sitautaja, fundi mwingine ambaye pia sitamtaja alikwisha kuniungia dairekti swichi ya taa kubwa iliyoko kwenye dashibodi. Alichukua dakika kumi na malipo kidogo, tukaagana kwa furaha. Tangu siku ile nikawa siwezi kuzima taa ila kwa kung’oa waya wa betri. Na alasiri moja, nikiwa nimelisimamisha gari kivulini, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikafunua boneti nikaona waya umevimba na kutoa moshi mwembamba wa buluu. Ikumbukwe kwamba katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule taa kubwa hazikuwekewa fyuzi. Gari langu lina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazimo katika ulinzi wa hata moja. Hoja ya waundaji ilikuwa kwamba afadhali waya upate moto kuliko dereva kutiwa gizani ghafula kwa fyuzi iliyokatika. Ni hoja ya watu waliodhani kwamba kila fundi atakayefuata atakuwa mwangalifu kama wao.

Magari haya yalifikaje huku kwetu? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na haikupita miaka mingi ikawa ndiyo punda wa serikali na wa misheni katika Tanganyika nzima: bwana shamba alikuja nayo kukagua kahawa, padri alikuja nayo kubatiza, mganga alikuja nayo kuchanja. Kisha yakaja majira ya huzuni, watu wa Burundi walipovuka mpaka mwaka 1972, na tena mwaka 1993, na Wakongo walipowekwa kambini Nyarugusu tangu mwaka 1996. Na kila msafara wa wakimbizi ulifuatwa na msafara wa magari ya misaada, ambayo nayo yalipochoka yakapigwa mnada, yakaingia mikononi mwa wafanyabiashara na walimu wastaafu kama mimi. Kwa hiyo ukipita Kibondo au Kasulu ukaona gari ambalo huko lilikotoka wangeliweka makumbusho, usidhani kwamba mwenyewe ana ashiki ya mambo ya kale. Analipakia ndizi.

Sasa nirejee kwenye swichi. Vyombo vya umeme vya Land Rover, pamoja na vya magari mengi ya Uingereza, viliundwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham, na mtu aliyeiasisi, Joseph Lucas, alianza maisha ya biashara kwa kuuza mafuta ya taa mitaani, akaingia katika kutengeneza taa za meli na za baiskeli, na taa yake moja akaipa jina la fahari, Mfalme wa Barabara. Waingereza wenyewe, ambao hawakosi mzaha hata juu ya msiba, wakamgeuzia jina wakamwita Mwana wa Mfalme wa Giza. Mzaha huo umevuka bahari, na kila swichi inapokataa utamsikia mtu akimlaani marehemu. Mimi kwa insafu siwezi kushiriki. Swichi yangu iliundwa mwaka 1969. Imekanyagwa na viatu vya serikali, vya shemeji yangu, kisha vyangu. Imekunywa matope ya mvua zisizo na idadi. Na katika muda huo wote hapana hata mtu mmoja aliyeifungua akaipangusa. Nani katika sisi asingekataa?

Maradhi ya swichi ni machache, na yote asili yake ni moja. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyokutana na kuachana, na kila vinapoachana hali umeme unapita hutoka cheche ndogo, isiyoonekana kwa aliye nje, lakini inayochoma uso wa shaba pale pale ilipotoka. Cheche moja si kitu. Cheche za miaka hamsini huacha uso wenye mashimo na masizi meusi, na masizi hayapitishi umeme vizuri. Juu ya hayo huja unyevu wa milima yetu, unaozaa ile kutu ya kijani tunayoiona kwenye mabomba ya zamani, na vumbi jekundu linaloganda kwenye grisi likawa kama udongo wa mfinyanzi. Umeme basi hupita kwa taabu, kama umati wa watu katika mlango mwembamba, na kwa kuwa unapita kwa taabu huzaa joto. Joto hulegeza springi. Springi ikilegea vipande havibanani sawasawa. Navyo visipobanana cheche huzidi. Hapo ugonjwa hujilisha wenyewe.

Na hasara yake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Taa ya gari ikipunguziwa sehemu moja katika kumi ya nguvu ya volti zake, nuru yake haipungui sehemu moja katika kumi, bali karibu sehemu tatu. Ndiyo maana wengi wetu tunaendesha usiku tukidhani kwamba macho yametuzeekea, tukaenda kununua miwani, ilhali kilichozeeka ni swichi.

Kuna hila nyingine ambayo imewapotosha mafundi wengi, na mimi mwenyewe ilinipotosha siku mbili nzima. Chombo cha kupimia ambacho kila fundi wa umeme wa magari anacho ni ile taa ya kupimia, yaani kibalbu kidogo cha dashibodi kilichofungwa nyaya mbili: moja unaigusisha kwenye bodi, ya pili unaigusisha unapotaka kujua kama umeme umefika. Niliitia kwenye waya unaoingia katika swichi: ikawaka. Nikaitia kwenye waya unaotoka: ikawaka vile vile, safi, nyeupe. Nikasema swichi ni nzima. Lakini kibalbu kile kinataka umeme kidogo mno, hata nusu ya ampea hakifikishi, na umeme kidogo hupita hata katika mlango uliozibwa nusu. Taa kubwa mbili hutaka ampea saba hata kumi, na umeme wa kiasi hicho hauwezi kupita hapo. Kumbe swichi ilinidanganya kwa kusema kweli. Nilipoazima mita kwa kijana anayetengeneza redio sokoni, nikawasha taa zenyewe, nikagusisha ncha moja upande wa kuingia na ya pili upande wa kutoka, mita ikaonyesha volti moja na nusu. Katika swichi nzima haipasi kuonyesha hata sehemu moja katika kumi ya hiyo. Volti ile moja na nusu haikuwa imefika kwenye taa. Ilikuwa imebaki sakafuni inapasha moto kisigino changu.

Kabla ya kufungua chochote, fungua betri, na uanze na nguzo ile iliyofungwa kwenye bodi ya gari, ili spana ikikuteleza isizue radi. Nasema “iliyofungwa kwenye bodi” kwa makusudi, wala sisemi hasi, kwani Land Rover za kabla ya mwaka 1967 au karibu na hapo zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea leo, na nimeona redio nzuri ikiuawa siku ya kwanza kwa sababu mtu hakutazama.

Nikaifungua swichi juu ya meza ya jikoni, nimetandika gazeti. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu mbili sakafuni, na kifuniko chake kimeshikwa na vijimeno vya bati vilivyokunjwa, ambavyo ukivinyanyua taratibu kwa bisibisi ndogo vinakubali, na ukivinyanyua kwa haraka vinakatika. Navyo vilikubali. Ndani mlikuwa na tope kavu, ganda la mdudu, na kijigurudumu cha shaba kinachozunguka kila unapokanyaga, mara huku mara huku. Uso wake mmoja ulikuwa unang’aa bado. Wa pili, ule wa taa za chini, ulikuwa mweusi na umechimbika kama jino bovu. Na wakati ninauinamia kuutazama vizuri, springi ikaruka.

Wasikilizaji, sijui kama mmewahi kutafuta springi ya ukubwa wa punje ya mahindi katika jiko lenye kuni, majivu na kuku. Tuliitafuta tangu baada ya sala ya adhuhuri hata jua likaanza kuinama. Mke wangu akafagia mara mbili. Aliyeiona ni mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, naye hakuitafuta hata kidogo, alikuja tu akasema, “Babu, kuku anakula waya.” Tangu siku hiyo swichi naifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono imo ndani, na mafundi wakinicheka nawaacha wacheke.

Kilichobaki kilikuwa kazi nyepesi. Msasa laini kabisa, ule wa kumalizia rangi, mpaka weusi ukatoka na shaba ikarudi kuwa shaba. Spiriti na mswaki uliokwisha kazi. Kisha mafuta mazito ya kujipaka, kiasi cha kupaka mdomo, ili unyevu usipate njia. Springi nikaivuta kidogo irejewe na nguvu zake. Nikarudisha nyaya: wa buluu ndio unaoingia, wa buluu wenye mstari mweupe unakwenda taa za juu, na wa buluu wenye mstari mwekundu unakwenda taa za chini. Hapa sina budi kuwasifu Waingereza, kwani walikuwa na kanuni ya rangi ambayo mtu akiihifadhi anaweza kuingia katika gari lolote lao la zama zile bila ya ramani: kahawia ni umeme wa betri usiozimika, mweupe umepita swichi ya ufunguo, wa kijani umepita swichi na fyuzi, mweusi unarudi kwenye bodi. Kwetu Manyovu, ambapo mpaka wa Burundi unaonekana kwa macho, kanuni hiyo huishia getini. Ng’ambo wanaendesha kulia, na Peugeot zinazotoka huko zinafuata kanuni ya Kifaransa, na nyingine zilikuja hata na zile taa za manjano ambazo sheria ya Ufaransa ilizilazimisha mpaka mwaka 1993. Kuna mzee mmoja hapa mwenye Peugeot 404, ndugu wa gari lile ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967, na kila nikimpita ananiita nimsaidie nyaya zake, nami kila mara namwambia: mzee wangu, mimi nimesoma Kiingereza tu.

Mita nikaiazima tena. Volti moja na nusu imekuwa haionekani.

Ningeweza kuishia hapo, na mtu mvivu angeishia hapo, lakini swichi iliyoungua mara moja itaungua tena ikiwa utaitwika mzigo ule ule. Daawa yake ni relei, kijisanduku cha kuuzwa duka lolote la vipuri, ambacho ndani yake mna sumaku ya umeme na swichi nyingine iliyo imara. Swichi ya mguuni huiamuru relei, kwa umeme usiofika hata robo ya ampea. Na relei ndiyo inayobeba mzigo, ikichukua umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene, na juu ya waya huo unaweka fyuzi, ile ambayo waundaji waliikataa. Nikaweka relei mbili, ya taa za juu na ya taa za chini, kila moja na fyuzi yake, ili moja ikikatika ya pili ibaki. Hakuna waya wa asili uliokatwa. Mtu akitaka kulirudisha gari lilivyokuwa atafanya hivyo kwa dakika chache. Kijana wangu fundi, yule wa dairekti, alikaa nami kazi nzima, na alipoona swichi inaguswa kwa kidole na haina joto, akaniomba nimchoree mchoro ule katika daftari lake.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisinunue swichi mpya. Nilinunua, kabla ya haya yote. Ilikuwa nyepesi mkononi kama ganda la yai, imefungwa kwa ribiti badala ya vijimeno, maana aliyeiunda hakutaka mtu aifungue. Ikafanya kazi tangu mfungo mosi hata mfungo nne, kisha ikafa, nami sikuweza hata kujua imekufa kwa nini. Ile ya kale nilikuwa nimeihifadhi katika kopo la misumari, nikairudisha sakafuni, ndiyo maana nilipata cha kutengeneza.

Neno moja dogo juu ya swichi ya breki, kwani hiyo hufa kimya na dereva hana macho kisogoni. Magharibi, giza linapoingia, rudisha gari kinyumenyume karibu na ukuta uliopakwa chokaa, ukanyage breki, utazame kiooni kama ukuta unageuka mwekundu. Kama haugeuki, mtu aliye nyuma yako hajui kwamba unasimama.

Baada ya juma moja nikaenda tena Kasulu, na wakati wa kurudi yule mama jirani yangu alikuwapo tena, safari hii na makopo ya mafuta ya mawese. Ukungu ulikuwapo, na pale pale karibu na mahali pa siku ile zikatokea taa za lori. Nikakanyaga. Chini ya boneti ikasikika sauti ndogo, tik, ya relei inayoshika, na nuru ikainama mbele yetu juu ya changarawe, pana na nyeupe. Lori nalo likashusha zake.

“Mwalimu,” akasema mama nyuma yangu, “gari lako lina panya.”